Kungoja Kanada, Kupima Kamba

Jumanne, 2 Aprili 1996. Kibiti

Leo tumeambiwa rasmi. Ofisi ya ushirika inafungwa. Meneja alisimama mlangoni pa ghala, hata kukaa hakukaa, akasema msimu huu korosho zote zimechukuliwa na wanunuzi binafsi, wamekuja na malori yao na magunia yao, basi sisi makarani tumebaki kulinda panya. "Soko huria," akasema. Alilitamka kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.

Ghala tupu ni kitu cha ajabu. Nimefanya kazi mle tangu nimalize darasa la saba, ukuta wa nyuma sijapata kuuona hata siku moja. Leo nimeuona! Mrefu, mweupe, umejaa hesabu za chaki za makarani waliotutangulia. Nilisimama nautazama mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Shida yangu ndiyo hii. Kwenye karatasi za ubalozi imeandikwa: Shufaa binti Bwanaheri, mke wa Tahiri Sadallah, karani wa ushirika, Kibiti. Tahiri (hapa peke yangu naweza kuliandika jina lake, mbele za watu ni "mwenzangu" tu) ndiye anayenidhamini nimfuate Kanada. Jalada liko ubalozini tangu mwaka jana. Kila barua anarudia neno lilelile: usibadilishe kitu. Kaa hapo hapo, fanya kazi hiyo hiyo, mpaka watoe uamuzi.

Sawa. Lakini kazi yenyewe ndiyo imeniacha mimi! Nifanyeje?

Ijumaa, 5 Aprili

Baba Mdogo Kondo alikuja baada ya sala. Tangu baba afariki ndiye walii wangu, na ndiye aliyeniozesha. Kikao barazani: yeye, Mama, na mimi nachambua mchele ili nisionekane nasikiliza.

Habari yenyewe: kuna kampuni ya kununua kamba, inapeleka barafu kule delta, mto unapoingia baharini, na kurudi na kamba Dar es Salaam, wakitoka hapo wanapelekwa Ulaya. Wakala wao anaitwa Bwana Hemedy. Anatafuta mtu wa kupima na kukagua, ajue kusoma na kuandika, na asiwe na ndugu hata mmoja kule Kiongoroni, kijiji cha delta chenye kituo chao. Wakaguzi wawili waliotangulia walikuwa watu wa hapo hapo. Mizani ikawa inalala upande wa shangazi zao.

Baba Mdogo akasema nisubiri uamuzi, subira huvuta heri. Mama akamjibu ngoja ngoja yaumiza matumbo. Baba Mdogo akasema mwanamke aliyeolewa haendi kukaa matopeni peke yake. Mama akasema mumewe yuko ng'ambo peke yake na hakuna aliyemwitia kikao. Hapo nikauma kanga nisicheke.

Mwisho wakanigeukia. Wewe wasemaje?

Nikasema nitakwenda. Sijui neno lilitoka wapi! Mchele ulikuwa haujaisha kuchambuliwa.

Tahiri sijamwandikia bado. Nitamwandikia nikifika.

Jumatatu, 15 Aprili. Kiongoroni

Subhanallah.

Sijui nianze wapi. Nimezaliwa Mchukwi, kazi nimefanyia Kibiti, bahari naijua ya Dar es Salaam tu, ile ya feri yenye makopo. Kumbe kuna nchi nzima hapa chini yetu na hakuna aliyenionyesha.

Tulipanda boti Nyamisati. Tulikaa sana. Nikamuuliza nahodha tunaondoka saa ngapi, akaniangalia kwa huruma, akasema huku hatuulizi saa, mwanangu, twauliza maji. Maji yakaja. Boti ikainuka yenyewe kutoka kwenye tope, taratibu, na sisi ndani yake, hakuna aliyesukuma.

Halafu mikoko. Miti imesimama juu ya mizizi yake kama akina mama waliopandisha kanga kuvuka dimbwi. Mizizi juu, maji chini, na katikati samaki wadogo wanatembea kwenye matope! Wanatembea! Mmoja alipanda mzizi akakaa akatutazama. Nikapiga kelele, abiria wote wakacheka. Mtoto wa bara huyo, wakasema. Bara! Mchukwi ni bara!

Nikachota maji kwa kiganja nikaonja. Matamu, na chumvi kwa mbali. Tukaenda, nikaonja tena. Chumvi. Kona moja kiboko alipumua ubavuni mwetu, pfuuu, nahodha akazima injini, watu wote wakanyamaza kama msikitini. Alikuwa mkubwa kuliko boti. Akazama bila hata kiwimbi.

Nimefikia kwa Bi Mwantumu, mama mtu mzima anayesimamia wanawake wa kichanjani, pale kamba wanapochaguliwa. Nyumba yake ya miti, imeinuliwa juu ya nguzo. Akanipa ugali na kaa. Akaniuliza nimeolewa au sijaolewa. Nikasema nimeolewa. Mume yuko wapi? Yuko safari. Mzima? Mzima, anashukuru. Basi. Akaridhika. Mtu mwenye adabu haulizi zaidi ya hapo, na mwenye adabu hasemi zaidi.

Ijumaa, 19 Aprili

Jana jioni mwezi umeandama, Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, umeingia. Na bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo. Maji yamekuja mpaka chini ya sakafu! Kuku wamepanda ngazi wenyewe, wamezoea. Mimi nililala kifudifudi nikayatazama kupitia nafasi za fito. Asubuhi yalikuwa yameondoka yote, yameacha uwanja umelambwa safi.

Na kamba! Mitumbwi imekuja imejaa. Weupe, na wale wakubwa wenye milia, wanarukaruka ndani ya matenga, wanatoa sauti ya mvua ya kwanza kwenye majani makavu. Nilikuwa nadhani kamba ni wale wekundu waliojikunja kwenye sahani. Walio hai unaona mpaka ndani, chakula kiko tumboni unakiona. Mungu aliumba mnyama wa kioo.

Barafu inakuja kwa boti, mabonge marefu yamefunikwa pumba za mpunga. Bi Mwantumu alinipa kipande nishike. Anajua nimewahi kushika barafu, soda ya baridi nimekunywa. Lakini hapa, kwenye joto hili, tope hili, mikoko hii! Nilikishika mpaka kikaisha.

Jumapili, 28 Aprili

Iddi. Pilau ya kamba, badala ya nyama. Mama angesema hiyo siyo Iddi.

Wavuvi wamenipa jina: Bi Mizani. Wanajaribu kunichokoza. Mmoja aliweka jiwe chini ya tenga. Nikalitoa, nikaliweka kwenye mizani peke yake, nikampa stakabadhi ya jiwe. Kicheko mpaka ng'ambo ya mto. Tangu hapo hakuna aliyerudia, na huyo huyo ndiye anayeniletea machungwa.

Nimemwandikia Tahiri. Nimemweleza yote: ushirika umekufa, niko Kiongoroni, napima kamba. Nilichana karatasi mbili kabla ya hiyo. Sijui atasemaje.

Jumatano, 8 Mei

Boti imeleta barua mbili ndani ya bahasha moja, kutoka kwa Mama. Ya Tahiri iliandikwa kabla hajapata yangu, kwa hiyo hajui.

Anasema ubalozi umeuliza kuhusu picha ya harusi. Ile tuliyopeleka ni ya nikahi: Tahiri amekaa mkekani, amevaa kanzu na koti, ameshikana mkono na Baba Mdogo Kondo, sheikh pembeni, mashahidi nyuma. Picha nzuri, Baba Mdogo ameitundika sebuleni. Sasa wazungu wanauliza: bibi harusi ni yupi? Wamerudisha nakala, wamezungushia duara ile mikono iliyoshikana na kuweka alama ya kuuliza!

Bibi harusi nilikuwa chumbani kwa Mama. Nimejifunika, mikono ina hina mbichi, nasikia mnong'ono tu kupitia dirishani. Bibi harusi anafanya nini kwenye nikahi? Nani kati yetu alifikiri picha hiyo ina kasoro? Tuliitazama wote, sheikh, Mama, mimi karani mzima ninayekagua karatasi za watu, hakuna aliyeona kwamba mimi simo.

Barua ya pili ni ya Mama, ameiandikisha kwa jirani. Baba Mdogo amepata habari. Amesema: Kumbe huko wanadhani nimeolewa mimi! Amekataa kula mchana kutwa, jioni akaanza kucheka mwenyewe, na sasa anasimulia Kibiti nzima.

Na mimi nimecheka. Kisha nikaacha. Mtu wa mbali amekaa mezani kwake, ametazama siku kubwa kuliko zote maishani mwangu, amenitafuta, hakuniona. Hana kosa. Na picha ya sisi wawili hatuna hata moja. Tahiri alikuwa na likizo ya wiki tatu, mpiga picha aliondoka na mashahidi, tukasema tutapiga siku nyingine.

Jumamosi, 18 Mei

Imepatikana dawa. Sheikh ameandika maelezo kwamba kwetu bibi harusi hukaa ndani na walii wake ndiye anayeshika mkono wa mume. Kungwi wangu ameweka dole gumba kuthibitisha kwamba nilikuwa chumbani na alikuwa na mimi. Vimepelekwa ubalozini. Na mimi nimeambatisha barua fupi: nimehama kazi, sasa niko Kiongoroni, kampuni ya kamba. Ukweli ni ukweli. Kama wataniuliza wanikute nimeshasema.

Bi Mwantumu ananifundisha kunusa. Mizani inasema uzito tu, anasema, pua ndiyo inasema siku. Kamba wa leo ananuka bahari. Wa jana ananuka kidogo kama maziwa. Kichwa kikianza kuwa cheusi, mwache, hata akiletwa na sheikh.

Jumanne, 4 Juni

Bamvua la mwezi mpevu. Kamba wengi sana. Mgongo unauma, vidole vimechomwa na miiba yao vyote, na nina furaha! Niiandike tena nisije nikakana: nina furaha.

Mchana, maji yalipokupwa, Bi Mwantumu alinionyesha kwenye kidimbwi cha chini ya mkoko vitu vidogo kama kope za macho, vinatikisika. Ndio kamba hao, watoto. Nikauliza mama yao yuko wapi. Akasema mama yao hayuko huku, huzaa mbali baharini, kwenye maji marefu. Watoto ndio wanaokuja wenyewe na maji, wadogo hivyo, wanaingia mtoni, wanakulia hapa kwenye mizizi. Wakishakomaa, bamvua likija, wanarudi baharini. Ndio tunaowakamata njiani.

Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakagoma. Kitu cha ukubwa wa ukope kimetoka bahari kuu kimejua njia ya kuja Kiongoroni! Nani alikielekeza? Mimi kutoka Mchukwi nilihitaji nauli, nahodha na kikao cha ukoo.

Jioni Bwana Hemedy alinishika njiani. Kampuni inafungua kituo cha pili ng'ambo ya mto kwenye msimu ujao. Anataka nikisimamie. Si kupima tu: kuajiri, kupokea barafu, kuzungumza na Dar es Salaam, kila kitu. Akasema, "Lakini Bi Shufaa, na mimi nijue. Waondoka ama wabaki? Nisije nikajenga banda kwa mtu aliye uwanja wa ndege."

Nikamwambia sijaitwa popote. Akasema hilo siyo jibu. Kweli, siyo.

Ijumaa, 21 Juni

Imekuja. Barua ya Tahiri, jibu la yangu.

Ukurasa wa kwanza ni moto. Kamba gani? Nani kakuruhusu? Mke wangu anasimama matopeni na wavuvi, na mimi huku nazunguka kwenye tanuri la mikate usiku na mchana ili nionyeshe serikali kwamba naweza kumtunza? Unajua wakiona mambo yamebadilika wanaweza kuanza kuchunguza upya? Nilikuomba kitu kimoja, Shufaa. Kimoja.

Nilikunja barua nikaiweka. Nikaenda kuosha matenga. Nikarudi.

Ukurasa wa pili mwandiko umebadilika, umetulia, labda aliendelea siku nyingine. Anasema theluji imeisha lakini mikono bado inapasuka. Anasema pale kiwandani kuna Mreno mzee aliyekuwa baharia, amemweleza kwamba mimi mke wake napima kamba mtoni, Mreno akavua kofia. Halafu chini kabisa, herufi ndogo kama anaona haya: "Hivi ni wale wenye milia? Wakubwa kiasi gani?"

Nimelia. Sikulia kwenye ukurasa wa kwanza, nimelia kwenye milia. Mtu yuko mwisho wa dunia, amekasirika, na bado anataka kujua.

Nimechukua mmoja nimemlaza juu ya karatasi nikamchora kwa penseli, masharubu na yote, ukubwa wake halisi. Hakutosha kwenye karatasi moja. Nimeunganisha mbili.

Jumapili, 14 Julai

Hapa kituoni mawasiliano ni redio ya upepo. Unabonyeza, unasema, unaachia, unasema "ova". Vituo vyote vya delta viko kwenye mawimbi mamoja, na hakuna burudani nyingine, kwa hiyo kila mtu anasikiliza mambo ya kila mtu.

Leo asubuhi naandika idadi ya matenga, nikasikia Nyamisati inaita Kiongoroni. Kisha sauti ya Baba Mdogo Kondo! Hajawahi kushika chombo kile maishani mwake. Amesafiri kutoka Kibiti mpaka Nyamisati kwa ajili hiyo. Alikuwa anapiga kelele kana kwamba anataka nimsikie bila redio.

"Shufaa! Umeitwa! Ubalozi umekuita! Mahojiano, Dar es Salaam, tarehe ishirini na tano, ofisa anakuja kutoka Nairobi! Wamesema picha hawana neno nayo tena, maelezo ya sheikh wameyaelewa! Mimi siyo bibi harusi tena! Shufaa, wanisikia? Amina!"

Akasema amina badala ya ova.

Basi redio ikalipuka. Kituo hiki, kituo kile, watu sijawahi kuwaona nyuso: hongera Bi Mizani, ova! Mungu akufungulie, ova! Ukifika utukumbuke, ova! Mmoja akapiga kigelegele kabisa, kikaja kimekwaruza na mvumo wa mawimbi. Nimesimama na kile kipaza mkononi. Delta yote inaningoja nijibu. Nilibonyeza, nikaachia, nikabonyeza. Nikasema asanteni.

Bi Mwantumu alikuwa mlangoni, mikono imejaa magamba. Akaniangalia, akasema, "Uso wako haujapata habari bado, mwanangu."

Bwana Hemedy kasema nikitoka huko nimpe jibu. Banda la ng'ambo wameshaanza kukata nguzo.

Jumatano, 24 Julai. Dar es Salaam

Nimelala kwa shangazi Temeke. Gari zinapita mpaka usingizini. Nimenusa mikono yangu: sabuni, ndimu, udi, na chini ya hayo yote, kamba. Hatoki.

Bi Mwantumu alitaka nirudi kabla ya Maulidi. Nikamwambia inshallah. Mama naye, tulipoonana Kibiti stendi kwa dakika za basi kujaza abiria, alinipa nasaha zake dirishani: ujibu kwa upole, macho chini, usibwabwaje mambo ya mumeo mbele ya wanaume. Uwaonyeshe umelelewa.

Nguo nimepiga pasi mara mbili.

Alhamisi, 25 Julai

Niko kwenye benchi, ukumbini. Wameniambia ningoje nje. Naandika ili mikono ipate kazi.

Kwanza baridi. Nje jua linachoma, humu ndani ni baridi, inatoka kwenye sanduku ukutani. Nimejifunga mtandio. Nilipoingia niliwaza: kumbe wameileta Kanada mpaka huku, mtu aionje kabla hajaamua. Sakafu inang'aa, unajiona miguu. Hakuna anayepaza sauti. Ramani ya nchi yao imechukua ukuta mzima, na maziwa yamejaa kama mtu amemwagia maji. Nimesimama mbele yake nimeshika mdomo. Nchi ile yote, na ndani yake mtu mmoja wangu.

Ofisa ni mwanamke. Sikutegemea! Rika langu, nywele fupi, madoadoa puani, anatabasamu vizuri. Nikasema moyoni huyu tutaelewana. Lakini Kiingereza changu ni cha kwenye magunia, kwa hiyo kuna mkalimani. Mkalimani ni mzee. Mvi, kofia ya kiua, mtu wa pwani kabisa, angeweza kuwa kaka yake Baba Mdogo. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda, na sikuona.

Ofisa akauliza: mume wako ni mtu wa namna gani? Mzee akatafsiri. Nikatazama chini, nikasema mzuri. Anapenda nini? Anapenda kazi yake. Mnapokuwa pamoja mnazungumza nini? Mambo ya kawaida. Alikuposa vipi? Kwa wazee. Ulijisikiaje ulipomwona mara ya kwanza? Ya Rabi! Nimtazame mtu niliyempa shikamoo, nimwambie nilijisikiaje? Nikasema nilimshukuru Mungu. Mwanamke akaandika. Kila nikijibu anaandika, na kila jibu ni fupi kuliko swali.

Nilidhani nafanya vizuri. Wallahi nilidhani nafanya vizuri sana! Mama angekuwepo angejivuna.

Kisha akafungua jalada, akauliza: naona umebadilisha kazi. Sasa unafanya nini?

Na mimi nikamwambia.

Nikamwambia maji yanavyokuja na kuondoka. Nikamwambia barafu na pumba. Nikamwambia wale wenye milia na wale weupe, na pua inavyojua siku, na watoto wadogo kama ukope wanaotoka baharini peke yao. Nikainua macho. Nikasimama, nadhani, kumwonyesha mtumbwi unavyoinama ukijaa! Mzee anatafsiri, amechoka, anasema polepole mwanangu, na mimi naendelea, jiwe, stakabadhi ya jiwe, yule mwanamke anacheka mpaka anafuta macho. Akauliza: na msimu ujao? Nikasema msimu ujao tunafungua kituo ng'ambo ya mto, nitakisimamia mimi.

Nikasikia nilichosema.

Naye alisikia. Aliacha kucheka taratibu. Akageuza kurasa nyuma, akasoma alipoandika majibu yangu ya kwanza. Akasema neno, na mzee hakulitafsiri mara moja. Alikohoa kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Anauliza hivi, mwanangu. Kazi umeieleza kwa muda mrefu, na uso wako unawaka. Mumeo umemweleza kwa maneno machache. Anataka kujua kwa nini."

Yule mwanamke akanipa glasi ya maji. Akasema nikae nje kidogo, nifikiri, ataniita.

Kwa sababu ya adabu! Ndilo jibu. Kwa sababu mume hatajwi hovyo, kwa sababu wewe mwanamke mwenzangu ningekueleza yote, lakini kila neno inabidi lipite kinywani mwa mzee huyu. Tahiri hulala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Tahiri anaogopa vyura, mwanaume mzima! Tahiri siku ya tatu ya fungate alinisuka nywele, vibaya, mistari imepinda, nikakaa nazo wiki nzima, mashoga wakinicheka sikuwaambia nani kanisuka. Naandika haya na shavu limepata moto humu kwenye baridi. Nayajua! Namjua!

Wiki tatu. Nayajua ya wiki tatu.

Na je, kama siyo adabu peke yake? Nimejiuliza hapa kwenye benchi, kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima wameuliza tarehe yangu, dini yangu, damu yangu, picha yangu, hakuna aliyeniuliza kama nataka. Wala mimi sijajiuliza. Na leo amekuja mgeni kutoka Nairobi, kwa upole, akanipa maji, akaniuliza bila kuuliza. Naogopa. Lakini pia nashangaa tu kwamba swali kubwa namna hii lilikuwepo muda wote.

Nitamwambia kuhusu nywele. Nitamwomba mzee azibe masikio halafu anisamehe. Au nitasema mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha magunia. Sijui nywele kwa Kiingereza. Na akiuliza tena msimu ujao, nita—

Mlango umefunguliwa. Mzee ametoka na karatasi, anaita: "Bibi Tahiri Sadallah!" Nimegeuka, nimeangalia benchi zima mpaka mwisho nimwone huyo mwanamke. Ameita tena. Watu wananitazama.

Ni mimi.